Taswira za Mzingo na Usanifu wa Shule: Funzo Kutoka Machakos

Utangulizi

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi mwaka 2001, bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, liliteketea kwa moto na wanafunzi 67 wakapoteza maisha yao. Bweni hilo lilikuwa na milango miwili, na usiku huo mmoja ulikuwa umefungwa. Madirisha nayo yalikuwa yamewekewa vyuma. Kufuli na vyuma si vitu vya kujificha. Kila aingiaye bwenini mchana huviona. Lakini kuviona mchana, mtu akiwa amesimama mlangoni, ni tofauti kabisa na kuviona kutoka kitanda cha mwisho, gizani, moshi ukishuka kutoka darini na mamia ya miguu ikikimbilia upande mmoja.

Tofauti hiyo ya mahali pa kutazamia ndiyo kiini cha makala haya. Kwa muda mrefu shule zimechorwa na kukaguliwa kwa jicho la mtu mzima aliyesimama: msanifu majengo mbele ya karatasi yake, mkandarasi kwenye kiwanja, mkaguzi kizingitini. Mwanafunzi, ambaye ndiye mwenye kuishi ndani ya jengo, huletewa jengo likiwa limekwisha. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi teknolojia ya taswira zinazomzunguka mtazamaji inavyoweza kulihamisha jicho hilo na kuliweka pale anapokaa, anapolala na anapopita mtoto. Yataeleza teknolojia yenyewe na asili yake, yaonyeshe matumizi yake katika Afrika Mashariki, kisha yapime faida na mipaka yake katika kuchunguza na kubuni mahali pa kujifunzia.

Maana na Asili ya Teknolojia Hii

Picha ya kawaida hunasa kile kilicho mbele ya kamera tu. Mpigaji ndiye anayeamua kitakachoingia na kitakachoachwa. Picha ya mzingo, kwa upande wake, hunasa pande zote kwa mara moja: mbele, nyuma, kulia, kushoto, darini na sakafuni. Neno mzingo limeazimwa hapa kutoka somo la hisabati, ambamo hutaja urefu wa mstari unaozunguka umbo kama duara. Kamera ya aina hii huwa na lenzi mbili zilizopeana mgongo, kila moja ikiona zaidi ya nusu ya mazingira yake. Programu huziunganisha picha hizo mbili kwenye kingo zake, mithili ya fundi anayeshona vipande viwili vya kitambaa, ikapatikana tufe moja la picha. Mtazamaji huwekwa katikati ya tufe hilo na akageuza kichwa atakako.

Hatua ya pili ni kielelezo cha pande tatu. Hapa haitoshi kuona, kompyuta hupima. Njia mojawapo ni kutumia miale ya leza. Chombo hutuma mwale, mwale hugonga ukuta na kurudi, na kwa kupima muda wa safari hiyo umbali hujulikana. Zoezi hilo hurudiwa maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde hadi chumba kizima kigeuke wingu la nukta, kila nukta ikiwa na kipimo chake. Njia nyingine ni kupiga picha nyingi za kawaida kutoka sehemu mbalimbali, kisha kuiachia kompyuta ikokotoe maumbo kwa kulinganisha jinsi kitu kilekile kinavyoonekana katika picha tofauti. Taaluma hiyo huitwa fotogrametria.

Hatua ya tatu ni uhalisia pepe. Mtu huvaa kifaa machoni kinachofunika ulimwengu halisi na kumwonyesha ule wa picha. Akigeuka, picha nayo hugeuka. Msemo wenyewe umeundwa kwa mfano wa barua pepe, na watumiaji wa Kiswahili wameupokea bila taabu.

Ingawa vifaa hivi huonekana kuwa vya jana na leo, fikra iliyovizaa ni kongwe. Robert Barker, mchoraji aliyefanya kazi Edinburgh, alipata hataza ya mchoro wa mviringo mnamo mwaka 1787. Watazamaji wake walisimama katikati ya chumba cha duara huku mchoro umewazunguka. Mnamo mwaka 1858 Mjerumani Albrecht Meydenbauer alinusurika kuanguka kutoka juu ya kanisa kuu la Wetzlar alipokuwa akipima kuta zake kwa mkono. Baada ya tukio hilo aliwaza: kwa nini picha isipimwe badala ya jengo? Wazo hilo ndilo lililozaa fotogrametria. Mwaka 1968 Ivan Sutherland na wanafunzi wake nchini Marekani walitengeneza kifaa cha kichwani kilichoonyesha maumbo ya kompyuta, na mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago walionyesha chumba ambacho kuta zake zenyewe ni viwambo.

Kwa miaka mingi vifaa hivyo vilikuwa mali ya maabara tajiri. Mabadiliko yalikuja mwaka 2014, kampuni ya Google ilipotoa miwani ya boksi la karatasi ngumu ambamo simu ya mkononi huingizwa. Tangu mwaka 2020 baadhi ya simu na vishikwambi vimeuzwa vikiwa na kipimio cha leza ndani yake. Jambo lililohitaji mtambo mkubwa sasa laweza kufanywa, kwa usahihi mdogo zaidi lakini wa kutosha kwa chumba cha darasa, na mtu mmoja mwenye simu.

Machakos na Jicho la Kamera

Haitakuwa mara ya kwanza kwa Machakos kuchunguzwa kwa picha. Mnamo mwaka 1937, serikali ya kikoloni ilipokuwa na wasiwasi mkubwa kuhusu mmomonyoko wa udongo katika Ukambani, afisa R. O. Barnes alipiga picha za milima na mabonde ya wilaya hiyo. Picha hizo zilionyesha makorongo, miteremko mitupu na malisho yaliyokwisha. Ripoti za wakati huo zilitabiri kwamba watu wakizidi, ardhi itaangamia.

Zaidi ya miaka 50 baadaye, watafiti walirudi mahali palepale aliposimama Barnes wakapiga picha upya. Watu wa Machakos walikuwa wameongezeka kutoka takribani robo milioni katika miaka ya 1930 hadi karibu milioni moja na laki nne kufikia mwisho wa miaka ya 1980. Hata hivyo, picha mpya zilionyesha miteremko iliyokatwa matuta, mashamba yaliyotunzwa na miti mingi kuliko zamani. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walizitumia picha hizo pamoja na takwimu katika kitabu chao cha mwaka 1994, na mfano wa Machakos ukawa maarufu katika taaluma ya maendeleo duniani kote.

Tukio hilo lina mafunzo mawili yanayohusu mada hii. La kwanza ni kwamba picha huwa ushahidi mzito inaporudiwa kutoka mahali palepale. Picha moja husimulia. Picha mbili zilizopishana kwa miaka hupima. La pili ni kwamba mwenye kushika kamera mara ya kwanza hakuuliza maoni ya wenye ardhi. Wakulima waliolima matuta hayo walikuwa na maarifa ambayo hayakuonekana kwenye picha za mwaka 1937. Mafunzo haya mawili, uzito wa picha na pengo la sauti ya mwenyeji, yafaa yakumbukwe kila kamera inapoingizwa darasani.

Mifano ya Afrika Mashariki

Katika kanda hii, taswira za pande tatu zimetumika zaidi katika kuhifadhi urithi. Mfano unaojulikana ni wa makaburi ya Kasubi mjini Kampala, walikozikwa Makabaka wa Buganda. Shirika la CyArk la Marekani lilipima majengo ya Kasubi kwa leza mwaka 2009. Tarehe 16 Machi mwaka 2010, jengo kuu la Muzibu Azaala Mpanga likateketea. Vipimo vilivyokuwa vimechukuliwa vikabaki kuwa kumbukumbu ya kidijitali ya jengo lililokwisha kuwa majivu. Ujenzi upya ulihitaji miaka mingi na ustadi wa mafundi wa jadi wa Buganda, na mwaka 2023 UNESCO ikaliondoa eneo hilo katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Mfano wa pili unahusu shule moja kwa moja. Wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni ilijenga kambi nyingi za kizuizini. Baada ya uhuru baadhi ya kambi hizo ziligeuzwa kuwa shule. Katika eneo la Nyeri, iliyokuwa kambi ya Mweru sasa ni Shule ya Upili ya Mweru, na iliyokuwa kambi ya Aguthi sasa ni Shule ya Upili ya Wasichana ya Kangubiri. Kikundi kiitwacho Museum of British Colonialism, kilichoanzishwa mwaka 2018, kilishirikiana na shirika la African Digital Heritage la Nairobi kuunda vielelezo vya pande tatu vya kambi hizo kutokana na mabaki yaliyopo, kumbukumbu za maandishi na masimulizi ya waliokuwepo. Mtazamaji huweza kuona jinsi uzio, mahandaki na vyumba vilivyokuwa vimepangwa.

Kazi hiyo inaibua swali ambalo halipaswi kupuuzwa na wabunifu wa shule. Jengo hubeba nia ya aliyelijenga. Kambi ya kizuizini hujengwa kwa kusudi la kumzuia mtu asitoke. Shule hujengwa kwa kusudi la kumlinda mtoto na kumfungulia njia. Hata hivyo, mlango mmoja wenye kufuli kwa nje, madirisha yenye vyuma na uzio mrefu ni vitu vinavyoweza kupatikana katika yote mawili. Shule haihitaji kuwa imerithi majengo ya kambi ili ifanane nayo. Yatosha isahau kujiuliza jengo lake linamfungia nani na linamfungulia nani.

Kuchunguza Darasa na Bweni

Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni. Viwango vyenyewe ni bayana. Darasa lenye urefu wa mita 7.5 na upana wa mita 6 lisizidi wanafunzi 30 wa madawati ya mtu mmoja mmoja, au 40 wa madawati ya watu wawili wawili. Bwenini, nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na njia ya kupitia isipungue mita 2. Bweni liwe na mlango kila mwisho, na mlango wa dharura katikati. Milango iwe na upana wa futi 5 angalau, ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa nje wakati wowote wanafunzi wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na vyuma.

Mwongozo huu upo, na bado maafa yameendelea. Mwezi wa Februari mwaka 2020 wanafunzi 14 walifariki katika shule moja ya msingi mjini Kakamega baada ya kukanyagana kwenye ngazi. Mwezi wa Septemba mwaka 2024 moto wa bweni katika Hillside Endarasha Academy, Nyeri, uliwaua wavulana 21. Ni wazi kwamba pengo haliko katika kuandika viwango pekee. Liko pia katika kuvitafsiri viwango hivyo kuwa kitu ambacho mwalimu, mzazi, mjumbe wa bodi na mwanafunzi wanaweza kukiona na kukidai.

Hapa ndipo picha ya mzingo inapopata kazi. Mchoro wa msanifu huhitaji msomaji aliyefunzwa. Mzazi anayeonyeshwa mistari na namba kwenye mkutano wa shule huitikia kwa heshima, lakini hana uwezo wa kujua kama njia iliyochorwa yatosha watoto wawili kupishana. Mzazi huyohuyo akiwekwa katikati ya picha ya mzingo ya bweni, macho yake yatamweleza. Haulizwi kusoma mchoro. Anaulizwa kutazama, na wahenga walikwisha kusema kwamba macho hayana pazia.

Uchunguzi wa namna hii una kanuni zake, na ya kwanza ni urefu wa kamera. Watu wazima huelekea kuiweka kamera kwenye kimo cha macho yao. Kufanya hivyo ni kurudia kosa lilelile la kutazama shule kwa jicho la mkaguzi. Kamera yapasa kuwekwa kwenye kimo cha macho ya mtoto aliyeketi, katika dawati la nyuma kabisa, pembeni. Kutoka hapo huonekana mambo yasiyoonekana mlangoni: nguzo inayokata nusu ya ubao, mwanga wa dirisha unaoufanya ubao ung'ae usisomeke, vichwa vilivyo mbele, na umbali halisi hadi kwenye mlango. Bwenini, kamera iwekwe juu ya kitanda cha juu na pia cha chini, kwa kuwa walalao huko wana ulimwengu tofauti.

Kanuni ya pili ni kurudia, kama ilivyofanyika kwenye milima ya Machakos. Darasa lipigwe picha mwanzoni mwa muhula, katikati na mwishoni, kutoka alama ileile sakafuni. Mfululizo huo huonyesha jinsi chumba kinavyobadilika: madawati yanavyoongezeka, njia zinavyozibwa na masanduku, mlango wa dharura unavyogeuka polepole kuwa ghala la vitanda vibovu. Hatari nyingi za shuleni haziji kwa siku moja. Huja kidogo kidogo, na anayeishi nazo kila siku huzizoea asizione.

Kanuni ya tatu ni hesabu. Darasa la mita 7.5 kwa mita 6 lina mita mraba 45. Wanafunzi 40 wakiwa ndani, kila mmoja hupata mita mraba 1.125. Wakifika 60, kila mmoja hubaki na mita mraba 0.75, kabla ya kuondoa nafasi ya mwalimu na ya meza. Namba hizo zikisomwa peke yake ni kavu. Zikiambatanishwa na picha ya mzingo ya darasa lenyewe, kamati ya shule hupata hoja isiyopingika kirahisi inapoomba darasa jingine.

Kubuni Kabla ya Kujenga

Faida kubwa zaidi ya teknolojia hii huonekana kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Kosa lililo kwenye kielelezo cha kompyuta husahihishwa kwa kuhamisha ukuta kwa kidole. Kosa lililo kwenye saruji husahihishwa kwa nyundo na fedha, au halisahihishwi kamwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na penye jengo la shule ufa wenyewe mara nyingi huanzia kwenye mchoro.

Mfano mmoja ni jua. Mji wa Machakos uko takribani nyuzi 1.5 kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huinama kiasi cha nyuzi 25 upande wa kaskazini. Mwezi wa Desemba huinama takribani nyuzi 22 upande wa kusini. Kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini hulindwa kwa urahisi na ukingo wa paa uliorefushwa kidogo. Kuta za mashariki na magharibi, kinyume chake, hupigwa na jua la asubuhi na la alasiri likiwa chini, na ukingo wa paa hausaidii. Darasa lenye madirisha makubwa upande wa magharibi litawaka vipindi vya mwisho vya siku. Kielelezo cha kompyuta huweza kuzungusha jua la mwaka mzima kwa dakika chache, na mwalimu akaketi ndani yake akaona ni saa ngapi ubao utapotea kwenye mng'ao.

Mfano mwingine ni mpangilio wa darasa. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, humtaka mwanafunzi afanye kazi kwa vikundi, ajaribu na aunde. Mwaka 2023 kundi la kwanza la wanafunzi liliingia Gredi ya 7, na sekondari ya chini ikawekwa katika shule za msingi. Vyumba vingi vilivyopokea mtaala huu vilibuniwa kwa ajili ya safu za madawati yanayotazama ubao. Kabla ya kununua samani, walimu waweza kujaribu kwenye kielelezo: meza sita za vikundi zikipangwa hivi, je, mwalimu atapita? Je, mwanafunzi wa kiti cha magurudumu ataifikia kila meza, au atabaki mlangoni akiwa mgeni katika darasa lake?

Jaribio zito kuliko yote ni la dharura. Watafiti wa mienendo ya watu wakati wa moto wameonyesha kwamba mtu aliyeshikwa na hofu hukimbilia mlango aliouzoea, hata kama mwingine uko karibu zaidi. Aidha, moshi wa moto hukusanyika darini kwanza kisha ukashuka, hivyo aliye kitanda cha juu huupata mapema. Mambo hayo mawili yaweza kuigizwa katika uhalisia pepe bila kuwasha hata kiberiti. Msanifu akitembea ndani ya bweni ambalo bado halijajengwa, mwanga ukiwa umepunguzwa na moshi ukishuka, atatambua mara moja kama mlango wa pili unaonekana au umefichwa na safu ya vitanda. Ni vyema ikumbukwe, hata hivyo, kwamba zoezi hili ni la watu wazima wanaobuni na kukagua. Kumtia mtoto katika moto wa kuigiza kwaweza kumwachia hofu isiyo na faida. Yeye mazoezi ya kawaida ya kutoka bwenini yanamtosha.

Mipaka na Maadili

Kila chombo kina kasoro zake, na asiyezijua hudanganywa nacho. Lenzi pana hufanya chumba kionekane kikubwa kuliko kilivyo. Kinyume chake, uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba watu waliovaa kifaa cha uhalisia pepe hukadiria umbali kuwa mfupi kuliko ulivyo. Kwa sababu hiyo, picha haiondoi haja ya utepe wa kupimia. Kila picha ya uchunguzi iandamane na vipimo vilivyoandikwa.

Isitoshe, picha haina masikio wala ngozi. Mvua za masika zinapopiga paa la mabati, sauti ya mwalimu humezwa, na darasa zima hukaa kusubiri. Mchana wa jua kali, bati hilohilo hugeuza chumba kuwa tanuri. Kamera iliyowekwa katika darasa hilo itarejesha picha nzuri ya chumba kisafi chenye mwanga. Mwanafunzi pekee ndiye atakayeeleza kwamba hapo hapasomeki. Ndiyo maana uchunguzi wa picha ukitenganishwa na mahojiano huwa nusu ya uchunguzi. Njia bora ni kuzitumia picha zenyewe kama chanzo cha mazungumzo: mwanafunzi aonyeshwe picha ya darasa lake, aelekeze kidole mahali anapopapenda na anapopakwepa, kisha aeleze sababu.

Suala la faragha ni zito zaidi. Kamera inayoona pande zote haimwachi mtu nje ya picha. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka data za mtoto zishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Kwa hivyo vyumba vipigwe picha vikiwa vitupu pale inapowezekana, na penye haja ya kuonyesha msongamano, idhini itafutwe na nyuso zifichwe. Bweni la wasichana lina heshima yake. Anayeingia na kamera aingie kwa ruhusa, mchana, akifuatana na mlezi wa bweni.

Mwisho kuna suala la kutegemea vya watu. Mwaka 2015 Google ilianzisha programu ya Expeditions iliyowapeleka wanafunzi ziara za kipicha katika sehemu mbalimbali za dunia. Mwaka 2021 kampuni hiyo iliifunga, na walimu walioijengea masomo yao wakalazimika kutafuta njia nyingine. Shule inayoweka kumbukumbu zake zote katika programu ya mwingine haina kumbukumbu, ina mkopo. Picha na vipimo vihifadhiwe kwa miundo ya kawaida inayofunguka popote, na nakala zibaki shuleni.

Nafasi ya Chuo na ya Lugha

Machakos ina chuo kikuu chake, kilichopata hati mwaka 2016 baada ya kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta tangu mwaka 2011. Kaunti yenye chuo, shule nyingi za bweni na historia ya kuchunguzwa kwa picha ni mahali panapofaa pa kuanzia. Wanafunzi wa chuo wenye kamera moja ya mzingo na utepe wa kupimia waweza kuifikia shule moja kwa siku moja, wakaacha nakala ya picha kwa kamati ya shule, na wakarudi muhula unaofuata kusimama kwenye alama zilezile.

Wanafunzi wa Kiswahili wana sehemu yao katika kazi hiyo. Ripoti za usalama zikiandikwa kwa lugha ya wataalamu peke yao, mzazi anayelipa karo hataielewa hatari iliyomo bwenini mwa mwanawe. Kueleza kwa Kiswahili fasaha maana ya mlango wa dharura, upana wa njia na ukingo wa paa ni huduma ya kitaaluma na pia ni huduma ya uhai. Istilahi nazo zitakomaa kwa kutumika. Uhalisia pepe umekwisha kupata makazi. Picha ya mzingo na wingu la nukta zaweza kufuata njia hiyo iwapo zitatumiwa na watu wenye kazi ya kufanya.

Hitimisho

Imeelezwa katika makala haya kwamba taswira za mzingo hazileti maarifa mapya kuhusu milango na madirisha. Yanayopaswa kufanywa yameandikwa tangu mwaka 2008. Zinacholeta ni uwezo wa kuyaona hayo kutoka mahali alipo mtoto, na kuyaonyesha kwa watu ambao hawakufunzwa kusoma michoro. Uwezo huo una thamani ikiwa tu utafuatwa na mkono: mkono unaokata vyuma vya dirisha, unaoondoa vitanda vibovu mlangoni na unaotundika ufunguo mahali panapofikiwa. Shule yoyote, yenye kamera au isiyo nayo, yaweza kuanza leo kwa kumtuma mtu mzima mmoja alale kwenye kitanda cha mwisho cha bweni, taa zikiwa zimezimwa, kisha ajaribu kuutafuta mlango wa pili. Tahadhari kabla ya hatari.